Bondia asiyekula nyama, mayai wala maziwa apunguzeje uzito?
Ndugu bondia uliyeuliza, kushuka kutoka kilo 65 hadi 61.2 kwa wiki nane, kama unavyotaka, kunawezekana; ni kama nusu kilo kwa wiki. Unasema pumzi inakata raundi ya tatu: nadhani ni kwa sababu ugali, unaokupa nguvu, umeuacha kabisa. Urudishe siku za mazoezi makali. Anza kupunguza mafuta ya kukaangia, tui la nazi na karanga, ndivyo vyenye kalori nyingi. Maharage, dengu, choroko au soya viwepo kila mlo. Lenga protini gramu 1.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako. Vitamini B12 meza vidonge, mimea haikupi. Pima na wingi wa damu.

Kukimbia na masweta bila kunywa maji ili utoe jasho, tafadhali usithubutu! Wanamichezo wamekufa hivyo. Ukipata kizunguzungu, muone daktari.