Kabla hujachukua sampuli ya kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye tafiti za dawa na chanjo, siku ya kwanza mtakabidhiwa itifaki nene, yaani mwongozo wa utafiti, na kuonyeshwa jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Nawaomba mwende wodini kwanza. Kaeni pale zamu nzima, muone wauguzi wanavyohangaika, kabla hamjamwomba yeyote awajazie fomu.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipoanza uratibu wa utafiti, kampuni ya dawa ilitoa fedha na dawa, chuo kikuu kilisimamia sayansi, hospitali ya wilaya ikawa na wagonjwa. Makaratasi yalikuwa safi: kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mikataba yenye sahihi zote. Wiki ya tatu nikagundua sampuli za jioni zinakaa mezani zaidi ya saa nzima kabla ya kuingia kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili itengane. Nikapanda wodini nimekasirika. Sista wa zamu akanishika mkono, akanizungusha vitandani: watoto wanne wanaongezewa damu, wauguzi wawili, na fomu yetu ya kurasa sita inauliza yale yale aliyokwisha kuandika kwenye faili. Akaniuliza, “Nikimbize chupa yako maabara au nimshike huyu mwenye degedege?”

Tulikata fomu ikabaki kurasa mbili, tukaajiri mtu wa maabara wa zamu ya jioni. Tatizo lilikuwa kwenye bajeti, na niliyeiandika bila kumuuliza sista ni mimi.

Kila upande una kinachoukosesha usingizi. Kampuni inataka takwimu ambazo mamlaka ya dawa haitazitilia shaka, ndiyo maana mkaguzi wao atahoji hata joto la jokofu usiku wa Jumapili. Msimchukie. Ukikosea kuandika, kata kwa mstari mmoja, andika lililo sahihi, weka tarehe. Chuo kinataka machapisho, na mwanafunzi wa uzamivu anataka kumaliza. Hospitali ina mgonjwa wa leo. Basi yaandikwe mapema: sampuli zitakazobaki ni za nani, zitahifadhiwa wapi na kwa miaka mingapi, kampuni ina siku ngapi za kusoma rasimu ya makala, mashine zitabaki kwa nani mradi ukiisha, na nani atanunua vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia. Hilo la vitendanishi nimeliona likiua mashine nzuri.

Ushirikiano ukikaa sawa, matunda yake ni makubwa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianzia kwenye maabara za kampuni ya dawa ya GSK mwaka 1987. Majaribio yake ya awamu ya tatu, kati ya 2009 na 2014, yalihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. WHO iliipendekeza 2021. Kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara pale Bagamoyo kiko kando ya hospitali ya wilaya, na Kilifi, Kenya, watafiti wa mradi wa KEMRI-Wellcome wako ndani ya eneo la hospitali tangu 1989, madaktari wao wakihudumia watoto wodini. Mtoto wa utafiti akiugua usiku, anayempokea anaujua utafiti na anamjua mama yake.

Na huyo mama atakuuliza, “Damu ya mwanangu inakwenda wapi?” Usimkimbilie na fomu ya ridhaa. Mwonyeshe chupa yenyewe, mwambie mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Kama itasafirishwa nje ya nchi, itaje nchi hiyo. Akikataa, mtoto anatibiwa vile vile, na uso wako usibadilike.

Atauliza pia majibu atayapata lini. Kwenye miradi mingi niliyoiona, fedha za kurudi kijijini na majibu huwa zimekwisha siku hiyo ikifika. Ziandikeni sasa, kwenye bajeti ya mwanzo, na nauli ya akina mama iwemo.