Lugha zangu zina wenyewe

Swali la wiki hii lilikuwa: umekulia katika lugha ngapi, na zimeyagusaje maisha yako binafsi? Sehemu ya kwanza ni rahisi. Nne: ya mama, ya baba, Kiswahili kilichowakutanisha wao wawili, na ya shule.

Sehemu ya pili ndiyo yenye kazi. Watu wakisikia nina lugha nne hudhani ninazo nne kamili, kila moja imejaa pomoni. Wapi! Lugha ya baba naijua upande wa heshima tu: kusalimia, kutoa pole, kuomba radhi, kujibu wazee. Ukiniambia nimtongoze mtu kwa lugha hiyo, nitaishia kumuulizia hali ya wazazi wake. Ya mama ni ya utani, kufokewa na kubembelezwa, lakini mambo ya kazini siwezi kuyaeleza kwayo hata kidogo. Hesabu zote ziko kwenye lugha ya shule. Mama akinitajia namba ya simu kwa lugha yake, inabidi nimsimamishe kila baada ya tarakimu mbili tatu, nizigeuze kimoyomoyo, ndipo niandike. Naye hushangaa: mtoto aliyesomeshwa vile anashindwaje na namba ya simu?

François Grosjean, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, aliandika mwaka 1989 kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha moja moja waliowekwa katika mwili mmoja. Kila lugha ina watu wake na shughuli zake, na hukua kadiri inavyotumika huko. Nilipoyasoma hayo nilipumua. Miaka yote nilikuwa nikijiona nusu nusu.

Ndiyo maana siafiki ule usemi unaopendwa sana, kwamba kila lugha inakupa nafsi mpya. Wanaousema hupenda kutaja utafiti wa Susan Ervin-Tripp wa miaka ya 1960, uliohusu wanawake wa Kijapani waliokuwa wakiishi Marekani. Aliwapa sentensi za kumalizia, mara kwa Kijapani, mara kwa Kiingereza, na majibu ya mtu yuleyule yakatofautiana. Kwa Kijapani familia ilikuwa na uzito zaidi. Kwa Kiingereza mtu alifuata zaidi matakwa yake. Sawa, lakini Kijapani chao walikuwa wamekizungumza na nani tangu utotoni? Na wazazi na ndugu. Kiingereza je? Na waume zao Wamarekani na majirani, ukubwani. Mimi naona wanawake wale walikuwa walewale, ila kila lugha ilikuja na wasikilizaji wake. Nami nikiongea lugha ya baba hukaa wima hata kama niko peke yangu na simu. Siyo lugha inayoninyoosha mgongo, ni baba.

Kwenye ndoa ndipo mambo haya yanapoonekana waziwazi. Mwenzangu ana lugha zake za kwao, mimi zangu, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Tukianza kutofautiana, kelele zikiwa za Kiswahili sina wasiwasi, yataisha kabla ya kulala. Mmoja wetu akihamia lugha ya shule, hapo najua pana jambo. Sauti inashuka, sentensi zinakuwa fupi, kila kitu kinanyooka kama barua ya onyo kazini. Lakini tumegundua pia kwamba mazungumzo magumu, ya madeni, ya nani amtunze mzazi anayeumwa, yanakwenda vizuri zaidi kwa lugha hiyo. Haichomi. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliwapima Waturuki waliojifunza Kiingereza baada ya utoto, kwa vifaa vya kupima mabadiliko ya ngozi mtu anaposhtuka. Makaripio ya utotoni yaliwagusa zaidi yakiwa kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Mwaka 2014 Albert Costa na wenzake nao walionyesha kwamba watu wakiulizwa kisa cha kubuni kwa lugha ya kigeni, wengi zaidi hukubali kumsukuma mtu mmoja afe ili watano wapone. Sisi hatujafikia kusukumana, ila naelewa. Kuomba msamaha ndiko kusikowezekana kwa lugha ya shule. Tumejaribu, unasikika kama taarifa. Lazima turudi kwenye Kiswahili.

Kuna mwalimu aliyewahi kumshauri mama aache kutusemesha kwa lugha yake, eti inatuchanganya vichwa. Mama hakumjibu, na hakuacha. Watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walikuwa wameshaonyesha huko Montreal, Kanada, mwaka 1962, kwamba watoto wa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao. Katika vipimo vingi walikuwa mbele. (Hizi habari za siku hizi kwamba lugha nyingi hunoa ubongo nazo zimetiwa chumvi, matokeo yake yanapingana.) Mimi na dada yangu huchanganya lugha tatu kwenye sentensi moja, na hatujawahi kufanya hivyo mbele ya baba hata mara moja. Aliyechanganyikiwa angewezaje kuchagua hivyo?

Baba hayupo tena, na lugha yake inanipungukia. Haijasahaulika, imekosa watu. Utafiti mmoja wa Ufaransa wa mwaka 2003 uliwahusu watu waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Walipopimwa ukubwani, Kikorea hawakukitambua vizuri zaidi ya Wafaransa wengine wasiowahi kukijua. Kwa hiyo msidhani ya utotoni hayafutiki.

Mwanangu namsemesha kwa lugha ya mama, ananijibu kwa lugha ya shule. Nimechoka kumkosoa. Bibi yake ana njia yake: mtoto akimpigia simu kwa lugha nyingine, yeye hasikii. "Mtandao mbovu," anasema, kisha anakata. Juzi nimemsikia kijana, aliyetaka bibi amtetee kwangu, akipiga tena na kuomba kwa lugha ya bibi yake, ngeli zikiwa zimevurugika zote. Mtandao ukawa mzuri ghafla, na nikashindwa kesi.