Chokaa haiondoi risasi ardhini

Swali: Nimenunua ploti Mombasa palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia betri za magari. Kilifungwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na nyasi zimeota. Fundi ananishauri nimwage chokaa, nishindilie kifusi, kisha nijenge nyumba za kupangisha. Je, yatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Fundi asichimbe hata mtaro kabla udongo haujapimwa maabara kama una risasi, ile metali ya sumu inayotoka kwenye betri hizo, na sampuli zichukuliwe sehemu nyingi za ploti: juu kabisa, kisha chini zaidi, hasa pale asidi ilipokuwa ikimwagwa.

Nyasi zimewaponza wengi. Haipiti wiki bila mimi kuambiwa kuwa mvua imeshaosha, majani yameota, sumu imekwisha. Risasi haiozi! Hung'ang'ania udongo wa juu, palepale watoto wanapochezea. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi nyingi katika damu.

Anayekuuzia chokaa ananiudhi zaidi, maana ameshika nusu ya ukweli. Chokaa hupoza asidi, na risasi haiyeyuki upesi kuingia majini. Lakini risasi yenyewe bado ipo. Mtoto anaramba vidole vyenye vumbi, na asidi ya tumbo lake inaiyeyusha upya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kufunika kwa udongo safi au zege hufaa, ila baada ya vipimo, kwa mchoro wa mtaalamu na idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Wewe utachimba msingi, utachimba shimo la choo; kilichozikwa kitarudi juu.

Na udongo utakaotoka hapo utapelekwa wapi? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Lori huja usiku, huubeba, na kesho yake unauzwa kama kifusi cha kujazia uwanja wa shule au uga wa mtu asiyejua lolote. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda kama hicho hapo hapo Mombasa, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 kwa madhara ya risasi, wakati watu walikuwa wameshakufa. Unaponunua kifusi, popote ulipo, mwulize dereva kimechimbwa wapi. Akisitasita, mrudishe na lori lake.