Nilivyoacha Kutazama Saa: Kuchagua Dawa ya Nguvu za Kiume

Kwa miezi minne nilikuwa mwanaume wa kutazama saa. Nilikuwa nimeandikiwa sildenafil ya miligramu 50, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, na maelekezo yalikuwa mafupi: meza kimoja, lisaa limoja kabla. Kwenye ndoa ya miaka kumi na tisa, nani anajua lisaa limoja kabla?

Kuna usiku mmoja sijausahau. Tulikuwa tumetoka kwenye harusi, tumekula tukashiba, nyama na mafuta yake. Nikajifungia bafuni, nikameza, nikarudi sebuleni kujifanya nafuatilia taarifa ya habari. Saa nne na nusu, kimya. Saa tano, kimya. Mke wangu akaniuliza, "Baba, unamsubiri nani mbona macho yote ukutani?" Nikamwambia simsubiri mtu. Akaenda kulala. Saa sita na robo uso ukaanza kuwaka, pua ikaziba, kichwa kikagonga, ndipo nikajua dawa imeingia. Mwenzangu alikuwa anakoroma. Nikalala chali nahesabu mbao za dari.

Nilirudi kwa daktari nikidai dozi kubwa. Hakuniongezea. Aliniuliza kwanza nilikula nini, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tatizo langu halikuwa nguvu ya dawa, ni aina ya dawa isiyofanana na maisha yangu. Mlo wa mafuta huchelewesha sildenafil kwa takriban saa nzima, na hata ikiingia huingia kwa unyonge. Inafanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa jepesi, na muda wake ni saa nne hivi, wakati mwingine zaidi kidogo.

Jambo la pili aliloniambia linawapita wengi: vidonge hivi havisimamishi kitu vyenyewe. Hamu ndiyo inayoanza. Ukishawishika, mwili huachilia kemikali zinazolegeza mishipa ili damu iingie, na kuna kimeng'enya kinachoitwa PDE5 ambacho kazi yake ni kuzima moto huo. Dawa inamzuia mzimaji tu. Ukimeza kisha ukakaa unasikiliza mwili kama fundi anayesikiliza injini, hakuna moto uliowashwa, na hakuna cha kulinda. Mimi kwa woga wangu nilikuwa naua hamu mwenyewe, halafu naisingizia dawa. Ndiyo maana madaktari husema usiikatie tamaa kabla hujaijaribu ipasavyo mara sita hadi nane.

Basi tukahamia tadalafil, inayojulikana zaidi kama Cialis. Hii ina tabia tofauti kabisa. Chakula hakiisumbui, na ukimeza ya miligramu 10 au 20 inaweza kukusaidia hadi saa 36. Si kwamba utakuwa umesimama saa zote hizo, Mungu aepushe. Ni kwamba katika muda huo, hamu ikija, mwili unaitika. Meza Ijumaa jioni, na Jumamosi usiku bado umo. Lakini kilichonifaa mimi ni namna yake nyingine: kidonge kidogo cha miligramu 5 kila siku, saa ileile, iwe kuna jambo au hakuna. Huchukua siku tano hivi kutulia mwilini, baada ya hapo unasahau kwamba unatumia dawa. Kwa mtu ambaye adui yake ni saa ya ukutani, huo ndio uponyaji wenyewe. Na kwa kuwa tezi dume yangu ilishaanza kuniamsha usiku kwenda haja ndogo, dozi hiyohiyo ya kila siku inatibu na hilo.

Haikuja bure. Wiki ya kwanza kiuno na mapaja viliuma kana kwamba nimelima. Maumivu ya mgongo na misuli ni madhara yanayojulikana ya tadalafil. Kwangu yaliisha, kwa wengine hayaishi. Sildenafil nayo ina kituko chake: wapo wanaoona vitu vikiwa na rangi ya bluu kwa saa chache. Na kidonge cha kila siku ni gharama ya kila siku. Kama ninyi mnakutana mara mbili kwa mwezi na mnajua siku yenyewe, kubaki na sildenafil ni akili zaidi kuliko kumeza vidonge thelathini.

Kuna avanafil pia, ambayo kwa baadhi ya watu huanza ndani ya dakika 15 hadi 30. Kuna vardenafil, yenye kidonge cha kuyeyuka juu ya ulimi bila maji. Hicho ni kizuri kwa mtu ambaye hawezi kumeza vidonge au anayetaka faragha, ila usidhani kwamba kwa kuwa kimeyeyuka haraka kitafanya kazi haraka hivyohivyo. Wala usibadilishane mwenyewe kati ya cha kuyeyuka na cha kumeza kwa kuangalia namba ya miligramu, kwa sababu mwili hauvipokei sawa.

Jeli za vipakiti na unga wa "mizizi" nitazisema kwa hasira, maana nilishawahi kuuziwa. Muuzaji aliapa ni mitishamba mitupu. Kichwa kikagonga, pua ikaziba, uso ukawaka, dalili zilezile za usiku wa harusi. Sikuupeleka ule unga maabara, lakini mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekamata bidhaa nyingi za "asili" zilizochanganywa sildenafil kimyakimya, tena kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Mitishamba haizibi pua namna ile.

Na hatari yake si ya kuumwa kichwa tu. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, kama vile nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi au isosorbide, haruhusiwi kugusa kidonge chochote kati ya hivi. Presha inaweza kuporomoka hadi mtu afe. Kwa hiyo ukishikwa na maumivu ya kifua, waambie wahudumu ulimeza nini na lini: kwa sildenafil nitrati husubiri angalau saa 24, kwa tadalafil saa 48. Hapo urefu wa dawa niliyoisifia unageuka mzigo. Wanaotumia dawa za tezi dume kama tamsulosin nao waseme mapema, ili dozi ipangwe.

Vidonge vikishindwa, njia haijafungwa. Alprostadil ipo ya sindano, ya punje inayoingizwa kwenye njia ya mkojo, na kwenye baadhi ya nchi ya krimu. Najua, neno sindano limekufanya ubane miguu. Nami nilibana. Lakini ni sindano nyembamba sana ya ubavuni mwa uume, dozi ya kwanza hupimwa kliniki, na huanza ndani ya dakika 5 hadi 20. Haihitaji mishipa ya fahamu iwe mizima kama vidonge vinavyohitaji, hivyo huwafaa wengi waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume au walioharibiwa na kisukari. Kwa dawa yoyote kati ya hizi, uume ukisimama zaidi ya saa nne nenda hospitali usiku huohuo. Aibu ya mapokezi ni ya dakika mbili.

Kabla ya yote hayo, daktari alinipima presha na sukari. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu, nami sikuwa na habari. Alinieleza kwamba mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba, huku chini ndiko kunakolalamika kwanza, pengine miaka kadhaa kabla ya kifua. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kidonge kimoja, nikatoka na viwili.

Sasa vyote nameza asubuhi baada ya kupiga mswaki. Saa ya sebuleni iliishiwa betri tangu mwezi uliopita, na mke wangu ndiye anayelalamika kwamba sijaibadilisha.