Mkaa Chumbani, Gesi Jikoni, Mishikaki Barabarani

Maswali ya wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, na majibu yetu

SWALI: Shikamoo. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Tuna mtoto wa miezi minane. Mama mkwe huingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga mlango, tunalala. Anasema makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha hayana neno, na ameweka sufuria ya maji pembeni inyonye sumu. Mimi kila asubuhi naamka kichwa kinaniuma. Nimwambieje bila kumkosea adabu?
— Mama Kijacho, Makete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hicho kichwa, maana ndiyo dalili ya kwanza.

Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa mwanzo ni unyevu na vipande ambavyo havijashika moto vizuri. Ukiisha, umeisha moshi tu. Makaa mekundu yenye jivu jeupe juu, ambayo ndiyo watu husubiri ili waingize jiko ndani, yanaendelea kutoa gesi hiyo, na kadiri chumba kinavyoishiwa hewa ndivyo yanavyoitoa kwa wingi. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania pale ambapo oksijeni ingepakiwa, tena kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtoto wa miezi minane huvuta pumzi 30 hadi 40 kwa dakika, wewe 12 hadi 20. Hewa ni moja, ila yeye anaivuta haraka kuliko wewe.

Sufuria ya maji haisaidii, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Kitunguu kilichokatwa nacho ni hivyo hivyo. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole si la kulitegemea usiku kucha.

Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kukosa nguvu, ndiyo maana wengi hudhani ni malaria au mafua. Utaitofautisha hivi: mnaumwa wote kwa pamoja, na mkikaa nje mnapata nafuu. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Ananyonya kwa uvivu na kulala kuliko kawaida yake, watu wanasifu kwamba leo katulia. Halafu nguvu za miguu huondoka kabla mtu hajajua kuna hatari. Anaona mlango ulipo, lakini hawezi kuufikia.

Kwa mama mkwe, usibishane na desturi, kwa sababu nia yake ni mjukuu asipigwe na baridi. Mletee joto jingine, jiko litatoka lenyewe. Chemsha maji, yaache dakika kumi yapoe kidogo, jaza theluthi mbili ya chupa ya mpira, kamua hewa ibaki juu, funga, geuza kichwa chini uone kama inavuja, kisha izungushie taulo. Ilaze kitandani nusu saa na uitoe kabla ya kumlaza mtoto, maana ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Baridi nyingi hupanda kutoka chini: blanketi moja litandike chini ya shuka badala ya kulirundika juu yake. Mvalishe fulana ya pamba, sweta, soksi. Ukitaka kujua kama amepata joto gusa nyuma ya shingo. Viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa sawa. Blanketi lisimfunike uso.

Mkimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje, na wewe usikae humo. Kumnywesha maziwa ni kupoteza muda, tena anaweza kupaliwa. Mpelekeni hospitali na mseme wazi: "Tulilala na jiko la mkaa." Msilifiche kwa aibu. Kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii na kuonyesha namba nzuri, hivyo mhudumu asipoambiwa anaweza kumrudisha nyumbani mtu anayehitaji oksijeni.

SWALI: Nimesikia kampeni ya nishati safi nikanunua mtungi wa kilo 6. Mume wangu anaogopa utatulipua na watoto. Na kweli asubuhi moto unafifia kama gesi imekwisha, mchana unarudi. Jirani ameniambia niuweke mtungi karibu na kuni upate joto.
— Msomaji, Mafinga

JIBU: Dada, la jirani usilifuate. Mtungi hausogezwi kwenye moto, wala hautumbukizwi kwenye maji yanayochemka. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, zimekaa mtungini kama kimiminika. Butani inapokaribia nyuzi sifuri huacha kugeuka gesi, na asubuhi za Mafinga mwezi wa saba si mbali na hapo. Mtungi haujaisha, umezizima. Ukilala nje kwenye kibaraza, uhamishie penye kuta nne na dirisha, juu ya ubao badala ya saruji tupu. Uwe umesimama wima siku zote. Ukilala ubavu, kimiminika chenyewe hutoka na mwali unaruka.

Hofu ya baba watoto tusiicheke. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sisi tunaliunga mkono, misitu yetu inajua kwa nini. Ila kwa maoni yetu mitungi inafika haraka kuliko maelezo yake.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona na chini ya kabati, hivyo mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu nayo. Harufu ile ya yai viza imeongezwa makusudi ili uishtukie. Ukiisikia, funga valvu, fungua mlango, toa watoto. Usiwashe taa, na kama imewaka usiizime, maana cheche hutoka kwenye swichi kwa namna zote mbili. Simu nayo kaipigie nje. Zimamoto ni 114.

Kukagua ni kazi ya dakika mbili kila unapobadilisha mtungi. Koroga sabuni na maji, paka pale kichwa cha jiko kinapoungana na mtungi, au kama una jiko la pembeni, kwenye regulata na ncha zote mbili za mpira. Povu likivimba, panavuja. Kiberiti hakipimi, kinawasha. Mpira wenye nyufa ukiukunja haufai hata kwa siku moja zaidi. Na mkimaliza kupika fungeni valvu ya mtungi, si kitasa cha jiko peke yake. Mtoto wa miaka mitatu anakizungusha kitasa kwa vidole viwili.

SWALI: Wanangu wawili, miaka sita na tisa, wanapelekwa shule na bodaboda kutoka Uyole. Bodaboda wetu mwaminifu, ila huongeza mtoto wa tatu wa jirani. Yule mdogo hukaa mbele kwenye tanki.
— Baba wa wawili, Mbeya

JIBU: Mzee, uaminifu wake haupunguzi uzito. Mishikaki ya watoto watatu hurefusha umbali wa kusimama na kufanya usukani uwe mwepesi mbele, kwa sababu uzito umekaa nyuma. Wa mbele naye ndiye mto wa dereva: pikipiki ikigonga, kifua cha mtu mzima kinamsukuma kwenye usukani. Tena hapo Uyole barabara ya Tunduma inakutana na ile ya Tukuyu na Kyela, na malori hayalali.

Kipimo chetu ni miguu. Mtoto ambaye akikaa nyuma nyayo hazifiki kwenye vikanyagio, hana umri wa bodaboda. Wa miaka sita mara nyingi hafiki. Mwenye miaka tisa apande peke yake, na helmeti inayomkaa: ukitikisa kichwa chake isizunguke, na kati ya mkanda na kidevu viingie vidole viwili tu. Mwonyeshe eksozi iko upande gani na ashukie upande wa pili. Kovu la shavu la mguu kwa watoto wengi limetoka hapo. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Dawa ya meno na yai viache jikoni.

Huyo mdogo atembee na kundi la watoto wenzake, mzazi mmoja akiwa nyuma, kwa zamu. Wakivuka, kamwe wasivuke mbele ya lori lililosimama. Dereva aliye juu hamwoni mtoto aliye chini ya pua ya lori, na gari linalolipita lori hilo halimwoni pia.

SWALI: Dawa ya kupulizia viazi iliyobaki tuliiweka kwenye chupa ya soda, mtoto akaikamata kabla hajafungua. Angekunywa tungefanyaje?
— Njombe

JIBU: Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta. Vueni nguo zilizolowa, osheni ngozi kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali na chupa halisi yenye lebo, kwa kuwa tiba hutegemea jina la kiuatilifu. Mate yakimtoka mfululizo, jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini, misuli ikatetemeka, msisubiri usafiri wa bei nafuu. Mafuta ya taa nayo hatapishwi mtu. Yakirudi juu huingia mapafuni.

Dawa ibaki kwenye chombo chake, kwenye kufuli. Chupa ya soda ni soda kwa kila asiyejua kusoma.

SWALI: Tumepata nafasi ya bweni kwa binti yetu wa darasa la pili. Je, tumpeleke?
— Wazazi, Tukuyu

JIBU: Hapana. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alielekeza huduma ya bweni isitishwe kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na hata kama maelekezo hayo yasingekuwepo tungewajibu vivyo hivyo. Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kueleza aliyotendewa usiku na mtu mzima au na mtoto mkubwa. Mkimweka kwa shangazi karibu na shule, mtembeleeni bila kutoa taarifa, mlale naye chumba kimoja siku hiyo, na mfundisheni kuikariri 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.