Jibu: Mvumo shingoni mwa mzee, je, ateri imesinyaa?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama mvumo unaousikia shingoni mwa baba yako, kwa stetoskopu ya kielektroniki uliyonunua Kariakoo, ni uthibitisho kwamba ateri yake, yaani mshipa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, imesinyaa.

Anza kwa kuhamishia kifaa kifuani, juu upande wa kulia wa mfupa wa kidari. Mvumo ukiwa mkubwa zaidi hapo, huenda unatoka kwenye vali ya moyo na kupanda tu. Kisha rudi shingoni, chini ya pembe ya taya, na mzee azuie pumzi kidogo, kwani kifaa kinachokuza sauti ya damu hukuza pia pumzi, msuguano wa ndevu na hata feni ya dari. Usikandamize: ateri ikibanwa na kifaa huvuma hata ikiwa nzima, jambo ninaloliona mara kwa mara kwa wanafunzi wanaokuja zahanatini kwetu Temeke.

Kinachopotosha zaidi ni ukimya, maana ateri iliyosinyaa mno hupitisha damu kidogo kiasi kwamba mvumo hufifia au hutoweka kabisa. Ndiyo sababu kinachoamua ni ultrasaundi ya Dopla, inayopima kasi ya damu yenyewe. Omba rufaa ya Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ila mzee akilegea upande mmoja, akishindwa kutamka maneno, au jicho moja likipoteza nuru ghafla, hata kwa dakika chache, hizo ni dalili za kiharusi, usisubiri rufaa. Mpeleke hospitali papo hapo.