Winterberi isiyozaa: usikimbilie mbolea, tafuta dume

Swali: Ninaishi Minneapolis, Marekani. Miaka minne iliyopita nilipanda vichaka vitatu vya winterberi (Ilex verticillata) aina ya Red Sprite, ili uani kwangu pawe na matunda mekundu wakati wa theluji. Vimestawi na kila Juni hutoa maua, lakini sijaona tunda hata moja. Nimeshauriwa nitie mbolea ya fosforasi, chumvi ya Epsom na majivu ya kuni. Nianze na kipi?

Jibu: Usianze na chochote kati ya hivyo. Vichaka vyako havina njaa wala ugonjwa, vimekosa dume. Winterberi ni kama mpapai: kichaka kimoja huwa jike na kingine dume, na jike lisipofikiwa na chavua maua yake hupukutika bila kufunga tunda. Red Sprite huzalishwa kwa vipandikizi kutoka kwa jike, kwa hiyo hata ungepanda mia moja, ungekuwa na majike mia moja.

Nunua dume la aina ya Jim Dandy, ambalo huchanua mapema sambamba na Red Sprite. Ukiuziwa Southern Gentleman kwa maelezo kwamba dume ni dume tu, kataa, kwa kuwa hilo huchelewa kuchanua na linafaa majike kama Winter Red. Maua yako huenda yakawa yameshanyauka kabla chavua yake haijakomaa. Dume moja linatosha majike matano hadi kumi, mradi lisiwe mbali zaidi ya mita 15 hivi. Chavua hubebwa na nyuki, basi usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua. Ukipata mche usio na kibandiko, subiri uchanue: ua la jike lina kinundu cha kijani katikati, na la dume lina vijiti vyembamba vyenye unga wa njano, yaani chavua.

Ninachokutana nacho kila mwaka, na ambacho kinanichosha, ni hii imani kwamba mmea usiozaa lazima umepungukiwa na kitu cha kununuliwa kwenye mfuko. Chumvi ya Epsom ni magnesi na salfa, nayo husaidia pale tu udongo unapopungukiwa na madini hayo. Majivu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu winterberi ni mmea wa asili wa vinamasi na kingo za maji zenye udongo wa tindikali, na majivu huipunguza tindikali hiyo hadi mizizi ishindwe kufyonza madini ya chuma. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, na yule yule aliyekushauri majivu atakuja kukuuzia dawa ya majani manjano.

Nyumbani Afrika Mashariki wapo wanaopigilia misumari kwenye shina la mpapai dume ili uzae. Baadhi ya mipapai dume hutoa matunda yenyewe, hasa hali ya hewa inapobadilika, na msumari ukapewa sifa isiyo yake. Huku nako mtu humwaga chumvi ya Epsom mwaka ule ule ambao jirani, bila yeye kujua, amepanda dume nyuma ya uzio. Matunda yanapotokea, chumvi husifiwa mtaa mzima, na mwaka unaofuata ninaletewa picha za vichaka vya watu wengine vilivyomwagiwa kilo nzima bila kuzaa chochote.

Anayeshuku udongo wake kwa dhati aupime kabla ya kununua mfuko wowote. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara inayopokea sampuli za udongo wa bustani za nyumbani, na majibu yake yataonyesha kiwango cha tindikali na cha fosforasi iliyopo tayari, ambayo katika bustani zilizowekewa mbolea kwa miaka mingi mara nyingi huwa imezidi.